Matiti yamelala na chini yake ngozi haiponi, uanzie wapi

Mdada akiulizia dawa ya kuinua matiti, ukimchimba kidogo mara nyingi unakuta kinachomnyima raha si muonekano, ni pale chini ya titi kwenye mkunjo, panawasha, panatoa harufu, panachubuka, anapaka dawa panatulia wiki mbili tatu alafu joto likizidi inarudi pale pale. Na kwa vile anaona aibu kumwonyesha daktari anazunguka na krimu za kuambiwa na watu. Huu mwongozo ni wake huyo. Msimamo wangu nausema mapema: ngozi kwanza, kuinua baadaye, na sababu yake utaiona vizuri tukifika kwenye upasuaji.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Titi lenyewe halina msuli wa kulinyanyua, ni tezi za maziwa, mafuta, na nyuzi nyembamba zinazolishikilia kwenye ngozi na kifua, madaktari wanaziita ligamenti za Cooper kwa jina la mpasuaji wa Uingereza aliyezielezea kwenye miaka ya 1840. Nyuzi zikishavutika na ngozi ikishatanuka ndo basi, hazijirudi zenyewe. Vinavyozivuta ni umri, uzito kupanda na kushuka, mimba na hasa zikiwa nyingi, matiti kuwa makubwa toka mwanzo, na sigara. Kunyonyesha kunasingiziwa sana, watafiti walipoangalia jambo hili hawakukuta kunyonyesha kunaongeza kulala, mimba yenyewe ndo inayofanya hiyo kazi, kwaiyo mtu asikwambie umwachishe mtoto ziwa eti ubaki na kifua.

Sasa titi likishalala, ngozi ya chini yake inalalia ngozi ya kifua mchana kutwa. Jasho halikauki, hewa haipiti, zinasuguana, ngozi inalowa inakuwa teketeke inachubuka, na kandida, huyu fangasi ambaye watu wengi wanaishi nae mwilini bila shida yoyote, anapata pa kuzaliana. Kitaalamu inaitwa intatrigo. Sio uchafu jamani. Kuna watu wanaoga mara tatu kwa siku na bado wanayo, tena kuoga sana bila kukauka ndo kunaizidisha.

Hatua ya 1: jikague, tena vizuri

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, vua yote ya juu, alafu inua titi moja kwa mkono mpaka mkunjo ufunguke wote kuanzia katikati ya kifua hadi ubavuni karibu na kwapa. Watu wanaangalia katikati tu na kuacha kona ya ubavuni ambako jasho linatulia zaidi. Ukishindwa kupaona piga picha na simu.

Unachotafuta ni hivi. Kama ni kandida utaona eneo limewiva, limelowa, saa nyingine kuna utando mweupe au mpasuko mwembamba kule chini kabisa ya mkunjo, na kitu kinachoisaliti zaidi ni vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika nje ya mpaka wa eneo lenyewe, vingine vina usaha kichwani. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu kama kwenye picha za mtandaoni, inaonekana kahawia iliyokolea au zambarau hivi, au kijivu, kwaiyo wewe angalia ulaini, kulowa, vile vipele vya pembeni, na sikiliza maumivu.

Ikiwa ni duara au upinde, pembeni pamenyanyuka na pana magamba alafu katikati panaonekana kama panapona, hiyo inaelekea kuwa fangasi wa aina nyingine, yule wa mashilingi, na si kila dawa ya kandida inamuua. Ikiwa ni doa la kahawia limetulia, halina vipele pembeni, lina vigamba vyepesi na haliwashi sana, inaweza kuwa erithrasma ambayo ni bakteria, daktari wa ngozi akimulika na taa yake maalumu inang'aa rangi ya pinki ya matumbawe, na kwa vile si fangasi, dawa ya kandida inaweza isiimalize. Ikiwa eneo linang'aa, lina mpaka unaoonekana wazi, halina magamba na una vidonda vya magamba kichwani au kwenye viwiko, fikiria soriasisi ya kwenye mikunjo, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu ambao si fangasi. Na ikiwa upele unafuata umbo la sidiria, yani mstari wa lastiki au pale kwenye chuma cha kufungia mgongoni, basi hapo ngozi inalia na sidiria au na sabuni ya kufulia.

Kuna moja inatesa watu kwa kutokujua: majipu yanayojirudia chini ya titi, kwapani au kinenani, yanavimba yanauma yanapasuka yanaacha shimo au kovu, na ukiangalia karibu unakuta vidoti vyeusi viwili viwili vimekaa pamoja. Hii inaitwa hidradenaitis sapurativa. Haiambukizi, haitokani na uchafu, na kuyakamua kila yanapotokea hakuisaidii, huo ugonjwa unahitaji daktari wa ngozi na mpango wa muda mrefu, antibayotiki za kupaka kama klindamaisini, doksisaiklini ya vidonge, na ikiwa kali kuna sindano ya adalimumabu ambayo iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 2015. Kuacha sigara na kupunguza uzito kunaisaidia sana hii.

Hatua ya 2: visivyo vya kusubiri

Kabla hujapaka chochote pitia hapa, maana kuna mambo yanajificha kama upele wa kawaida.

Chuchu ya upande mmoja inawasha, ina magamba, inatoa majimaji au kidonda, umepaka krimu wiki mbili tatu haiponi: nenda hospitali, usijipe mwezi mwingine. Ukurutu wa kawaida hupenda kushika pande zote mbili, ila upande mmoja usiopona unaweza kuwa ugonjwa wa Paget wa chuchu, na hiyo ni saratani. Titi limevimba ghafla ndani ya wiki chache, limekuwa zito, la moto, ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa: leo leo, si kesho. Uvimbe mgumu, chuchu iliyoanza kuzama wakati zamani haikuwa hivo, damu kutoka kwenye chuchu, hivyo hivyo.

Na wekundu au weusi unaosambaa haraka, pana joto, una homa, una kutetemeka, hiyo ni maambukizi yameingia ndani ya ngozi, unahitaji antibayotiki za kumeza na saa nyingine za mshipa. Mwenye kisukari asicheze kabisa na hili. Anayenyonyesha akipata titi gumu lenye joto na homa ahudhurie pia, aendelee kunyonyesha au kukamua isipokuwa daktari amemwambia vingine.

Hatua ya 3: kukausha, hii ndo kazi yenyewe

Najua wengi mnataka jina la dawa, subirini. Dawa bila ukavu ni kupoteza hela.

Osha mara moja kwa siku, ukitoka jasho jingi mara mbili, na sabuni isiyo na manukato makali au hata maji matupu ikiwa pamechubuka. Usisugue na dodoki. Suuza vizuri kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye mkunjo inachoma. Alafu taulo: kila titi liinue, bonyeza bonyeza na taulo laini, usifute kwa kuvuta. Taulo ya hapo iwe yake peke yake na ifuliwe mara kwa mara. Ukimaliza usivae hapo hapo, ngozi inaonekana kavu lakini ndani ya mkunjo bado kuna unyevu, kaa kifua wazi dakika kumi mbele ya feni ukiwa umelala chali mikono imewekwa kichwani, au tumia drayer ya nywele kwenye upepo wa baridi kabisa, narudia wa baridi, maana ngozi iliyochubuka inaungua upesi.

Mchana weka kitu katikati ya ngozi na ngozi. Kipande cha kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara moja, kirefu kiasi cha kutokeza kidogo nje ya mkunjo ili jasho lipate pa kutokea, ukikisikia kimelowa unakitoa unaweka kingine. Weka viwili vitatu kwenye mkoba. Kuna vitambaa vya hospitali vyenye madini ya fedha vya kazi hii hii, ni vizuri kwa mwenye tatizo sugu, ila cha pamba ukikibadilisha kwa bidii kinakufikisha mbali. Tishu usiweke, inasagika inabaki vipande vipande kwenye kidonda.

Usiku vua sidiria, vaa fulana ya pamba iliyolegea na kile kitambaa kibaki pale kwenye mkunjo.

Kuhusu poda: za kawaida zinaganda zikikutana na jasho zinakuwa uji unaosugua ngozi, na za manukato zinachochea mzio. Ikiwa lazima poda, iwe ile yenye dawa ya fangasi, kidogo sana, juu ya ngozi kavu. Na limao, siki, vitunguu saumu, dawa ya meno, jiki, hizi zote nimeona watu wanashauriana, zinaunguza, na ngozi iliyoungua ndo mlango wa maambukizi. Acheni.

Hatua ya 4: dawa inayoendana na ulichokiona

Kandida: klotrimazole krimu asilimia 1, au mikonazole, mara mbili kwa siku, safu nyembamba, mpaka nje kidogo ya pale panapoonekana. Na hapa ndo watu wanapokosea karibu wote: siku ya nne muwasho umekata, anaacha. Fangasi bado wapo. Endelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Nistatini pia inaua kandida ila haiwagusi wale fangasi wa mashilingi. Tabinafini yenyewe ni kinyume, ni kali kwa wa mashilingi, kwa kandida haina nguvu sana. Ndo maana mtu anasema "nimepaka ile ile aliyopona nayo dada yangu haijanisaidia", inawezekana mna wadudu tofauti kabisa.

Erithrasma inatibiwa na antibayotiki za kupaka kama fusidiki asidi, klindamaisini au erithromaisini, kwa maelekezo ya daktari.

Steroidi, yani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Hapa nikae kidogo. Haidrokotisoni asilimia 1 inaweza kuchanganywa na dawa ya fangasi kwa siku chache, kama saba hivi, kutuliza muwasho mkali, haina shida. Tatizo ni zile tyubu za mchanganyiko wa tatu kwa moja, zina steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo, watu wanazipenda kwa sababu siku mbili tu umepoa. Kwenye mkunjo ngozi ni nyembamba na imefunikwa, dawa inazama zaidi ya sehemu nyingine, ukizitumia wiki baada ya wiki ngozi inakuwa kama karatasi, inapata michirizi ya kudumu, mishipa inaonekana, na fangasi chini yake anaendelea kukua kimya kimya mpaka umbo lake linabadilika hata daktari hamtambui. Soma nyuma ya tyubu, ukiona betamethasoni au klobetasoli usiipake chini ya titi bila daktari. Angalia na krimu za kung'arisha ngozi, nyingi zimefichwa hizi hizi.

Vidonge kama flukonazole vipo kwa ambao krimu imeshindwa, ila visimezwe kwa kununua tu, vinagombana na dawa nyingine nyingi na mjamzito anatakiwa aseme mapema. Ketokonazole ya kumeza usiikubali kwa fangasi wa ngozi, tangu 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilitoa tahadhari kwa sababu ya kuharibu ini. Ya kupaka haina tatizo hilo.

Ngozi ikishapona, kila asubuhi paka safu nyembamba ya krimu ya zinki, ile ile wanayopakwa watoto wa nepi, inazuia msuguano na unyevu. Juu ya ngozi kavu tu, ukiipaka juu ya jasho umelifungia ndani.

Madoa meusi yatabaki. Hayo si ugonjwa unaoendelea, ni rangi iliyoachwa na uvimbe, inafifia yenyewe kwa miezi. Usiyapake vya kuchubua.

Hatua ya 5: kwanini inarudi

Ikirudi mara ya pili au ya tatu umefuata yote hayo, acha kubadilisha krimu na kapime. Sukari ndo ya kwanza, na omba kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, si cha kidole cha asubuhi peke yake, kuna watu wamegundulika wana kisukari kwa sababu ya upele wa chini ya matiti. Pima na VVU kama hujui hali yako. Muulize daktari kuhusu dawa unazomeza, steroidi na antibayotiki za mara kwa mara zinamfungulia kandida. Na aikwangue ngozi kidogo apeleke maabara, ni kipimo chepesi, hakiumi, kinamaliza ubishi wa hii ni nini. Kabla ya kukwangua usipake dawa siku kadhaa, la sivyo majibu yatakuja safi na wewe bado unawashwa.

Uzito: kupungua kunapunguza jasho, msuguano, sukari, na matiti yenyewe yanapungua. Ila nikuambie ukweli ambao hawausemi, ukipungua sana titi linaweza kulala zaidi kwa sababu mafuta yametoka na ngozi imebaki. Bado inafaa, ila ujue.

Hatua ya 6: sidiria

Wengi wanavaa mkanda mkubwa na vikombe vidogo, alafu wanakaza mikamba ya mabegani mpaka inachimba. Kazi kubwa ya kubeba inafanywa na mkanda wa kuzunguka kifua, si mikamba. Jipime chini ya matiti ukiwa umetoa pumzi, mkanda ukae mlalo usipande mgongoni, vidole viwili vipite kwa shida kidogo. Ukishaivaa inama mbele, ingiza mkono, nyanyua kila titi lote uliweke ndani ya kikombe kuanzia kule ubavuni, alafu simama. Ukimaliza ngozi ya chini ya titi isiwe inagusa ngozi ya kifua, hicho ndo kipimo. Ikiwa bado zinalaliana hiyo sidiria haikusaidii hata ikiwa nzuri vipi.

Kitambaa kinachonyonya na kupitisha jasho, waya usiokanyaga kidonda, na ibadilishwe kila siku, ikilowa mara mbili kwa siku. Zifuliwe na sabuni isiyo na harufu kali na zikauke kabisa, ukitoka kwenye mazoezi usikae nayo.

Hatua ya 7: za kuinua bila kisu

Hii fupi. Krimu na mafuta ya kuinua, vikombe vya kuvuta, masaji, hakuna hata kimoja kinachokata ngozi iliyozidi au kukaza nyuzi zilizovutika. Mazoezi ya kifua yanajenga msuli ulio nyuma ya titi, hilo ni jema, lakini mkunjo unabaki. Mashine za mawimbi ya joto na nyuzi za kuvuta ngozi zinaweza kukaza kidogo sana kwa ambaye titi lake ni dogo na limelala kidogo, na huyo kwa kawaida hana tatizo la ngozi. Sindano za kujaza matiti, hasa za silikoni ya maji, ni hatari ya maisha, zinahama, zinaganda, zinaoza. Hapana.

Hatua ya 8: upasuaji, nani na upi

Madaktari wanapima kulala kwa kuangalia chuchu imekaa wapi ukilinganisha na mkunjo, kwa mgawanyo wa daktari Regnault wa mwaka 1976. Daraja la kwanza chuchu iko usawa wa mkunjo, la pili imeshuka chini yake lakini bado haijafika chini kabisa ya titi, la tatu iko chini kabisa inaangalia sakafu. Kuna na wale chuchu iko juu ila nyama ya titi ndo imeshuka.

Upasuaji upo wa aina mbili kubwa na watu wanauchanganya. Wa kuinua peke yake unatoa ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu, uzito wa titi unabaki ule ule karibu wote. Wa kupunguza unatoa nyama, mafuta na ngozi, na ndani yake unainua pia. Ikiwa matiti yako ni mazito, una maumivu ya mgongo, shingo na mabega na ngozi inaoza kila msimu wa joto, kwa maoni yangu muulize daktari kwanza kuhusu wa kupunguza, ndo unaogusa chanzo, na ndo ambao bima au hospitali inaweza kuuhesabu ni tiba badala ya urembo. Mara nyingi watataka ushahidi kwamba umetibiwa ngozi kwa miezi na haijatosha, kwaiyo kila ukienda kwa daktari aandike, na tunza picha zenye tarehe. Kuinua na kuweka silikoni kwa mtu mwenye shida hii siuoni kama una maana, unaongeza mzigo kwenye ngozi ambayo imeshashindwa kubeba uliopo.

Kovu linategemea titi limelala kiasi gani. Kidogo, linazunguka eneo jeusi la chuchu tu. Zaidi, linaongezeka la kushuka wima. Kulala sana linaongezeka la tatu la mlalo kwenye mkunjo, umbo la nanga. Na hapa ndo ile sababu yangu: kovu la mlalo linapita pale pale ulipo upele wako, na pale linapokutana na la wima ndo sehemu ambayo kidonda hupenda kufumuka kuliko kote. Sasa mtu anakatwa kwenye ngozi yenye fangasi na michubuko, au iliyokwisha kwa steroidi, unategemea nini. Daktari makini ataahirisha mpaka pakauke na papone. Asiyekagua mkunjo wako kabla ya kukupa tarehe, mtafute mwingine.

Mengine ya kujua kabla: unalazwa kwa nusu kaputi, inachukua masaa mawili mpaka manne hivi. Hisia za chuchu zinaweza kupungua kwa muda au moja kwa moja. Kunyonyesha baadae kunaweza kuwa kugumu, na ikiwa chuchu itakatwa na kupandikizwa upya basi hakupo tena, kwaiyo kama unataka watoto bado, ni busara kusubiri, mimba nyingine italilaza tena vilevile. Umeachisha ziwa juzi? Subiri miezi mitatu hadi sita matiti yatulie. Unapunguza uzito? Maliza kwanza, ukae miezi kama sita haupandi haushuki. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla na nne baada, na shisha na zile za umeme zimo, nikotini inabana mishipa na chuchu inaweza kufa kwa kukosa damu. Wengine wanapima nikotini kwenye mkojo kabisa kwaiyo usidanganye.

Mwenye historia ya keloidi, yani makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda, aseme mapema, sisi wenye ngozi nyeusi ndo tunazipata zaidi. Haikuzuii moja kwa moja, ila mpango wa kovu unapangwa kabla ya kisu, silikoni za kubandika, sindano za steroidi kwenye kovu likianza kuvimba. Na ukiwa umefikisha umri wa kupimwa saratani ya matiti omba mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, kabla, alafu uliza kama nyama itakayotolewa itapelekwa maabara.

Maswali ya kumuuliza: umeshafanya hizi ngapi na naweza kuona picha za matiti yaliyolala kama yangu, utatumia kovu lipi na kwanini, kidonda kikifumuka nani ananihudumia na kwa gharama ya nani. La mwisho hilo watu wanaona aibu kuliuliza. Uliza.

Hatua ya 9: baada ya kisu

Sidiria ya upasuaji isiyo na waya mchana na usiku kwa wiki nne hadi sita, kulala chali, usinyanyue mtoto wala ndoo wala begi zito kwa muda huo huo, na kama una mtoto mdogo tafuta wa kukusaidia kabla ya tarehe, usiseme tutaona. Kazi za kukaa wengi wanarudi baada ya wiki moja au mbili. Maumivu ya siku za mwanzo yanavumilika kwa dawa, ila titi moja likivimba kuliko lingine ghafla, likawa gumu na linauma sana, piga simu usiku huo huo, damu inaweza kuwa imejikusanya ndani. Homa, usaha, chuchu inabadilika kuwa nyeusi au ya bluu, vilevile.

Mkunjo mpya nao ukaushe kama ule wa zamani, hasa wiki za mwanzo ukiwa umefungwa bandeji na joto limejaa. Muulize daktari lini unaruhusiwa kuoga kawaida, krimu ya zinki au ya fangasi usiipake juu ya mshono bila yeye kusema. Umbo unaloliona mwezi wa kwanza si la mwisho, linakaa juu na limevimba, linatulia kwa miezi, makovu yanafifia kwa mwaka na zaidi, jua lisiyaguse.

Na ukienda kupiga mamogramu miaka ya mbele mwambie anayekupima kwamba ulifanyiwa upasuaji na mwaka gani, maana makovu ya ndani yanaonekana kwenye picha na mtu asiyejua anaweza kuanza kukutilia shaka na kukuchoma sindano za kuchukua vipimo bila sababu.